Siku Bernadette Alipopewa Kindu

Karatasi ya mgeni ilikuwa ndefu kuliko mkeka. Nathalie alitoa sufuria ya sombe, mboga ya majani ya muhogo, akasogeza viti, akaitandaza hapo chini, na bado kipande kikabaki nje kwenye vumbi. Wakaibana pembe kwa mawe ili upepo wa mtoni usiichukue.

Koko Bernadette, bibi mwenye lupango, yaani kiwanja na nyumba, aliitazama kutoka kwenye kiti chake, miguu ameinyoosha kwa ajili ya magoti. Alikuwa na miaka sabini. Aliishia darasa la sita kwa masista, na herufi alizijua zote, lakini majina ya kwenye karatasi ile yalikuwa yakimkwama kooni kila alipojaribu kuyasoma.

Mgeni aliitwa Madamu Isobel. Alikuwa mama wa miaka sitini na kitu, mwenye nywele nyeupe alizozifunga kisogoni, na alitoka Uskoti, nchi ya baridi iliyo kaskazini mwa Uingereza. Juzi alishuka Kindu kwa ndege, leo asubuhi akavuka Lualaba kwa mtumbwi kuja Alunguli. Alisema Kifaransa cha polepole, na Nathalie, mjukuu wa Koko, aliyekuwa mwalimu wa sekondari, alikuwa akikigeuza Kiswahili.

"Koko, anasema huu njo ukoo wao. Ukoo wa Kinlarroch. Huyu wa juu ni babu wa kwanza, miaka mia tano nyuma. Mfalme alimpa ardhi sababu alimpigania vita."

"Na huyu?"

"Jenerali. Na huyu chini yake ni jenerali. Huyu alikuwa gavana kule India. Huyu alikaa bungeni miaka thelathini. Huyu alioa binti wa waziri."

"Hakuna aliyelima?"

Nathalie akacheka, akauliza. Madamu naye akacheka, akatikisa kichwa. Hakuna.

"Basi walikuwa wanakula nini?" akasema Koko, na hata jirani aliyekuwa anapita na ndoo ya maji akacheka.

Kisha kidole cha Madamu kikashuka, kikapita majenerali na wabunge, kikafika chini kabisa, kwenye kistari kifupi ambacho chini yake hapakuwa na kitu. Kicheko cha Koko kikakatika. Jina lile alilijua kabla halijasomwa.

Nathalie akasoma, akigeuza neno kwa neno. "Alistair, mtoto wa tano. Hakuingia jeshini, hakutaka siasa. Fundi wa reli, Kindu. Hakuoa. Aliuawa mwaka 1964. Alikuwa amefichwa na familia ya Bruno wa Alunguli, akasalitiwa na mpiga kasia aliyeitwa Kitenge."

"Anasema kila mtu aliyemuuliza mjini amemwambia jina hilo hilo, Kitenge," Nathalie akaendelea. "Wanachapa kitabu cha ukoo mwezi ujao. Kitasomwa na watu wengi, hata kwenye maktaba kubwa. Jina la babu Bruno litaandikwa kwa heshima. Na wewe njo mtu wa mwisho wa nyumba ile aliye hai. Anaomba utie sahihi hapa chini, kwamba njo hivyo ilivyokuwa."

Madamu akatoa kalamu, akamshikisha Koko kwa mikono miwili, kama mtu anayetoa zawadi.

Koko aliishika ile kalamu. Aliandika vizuri alipotaka. Kutia sahihi kungekuwa kazi ya kupepesa jicho, kisha mgeni angekula sombe, angepiga picha, angevuka mto, na mambo yangekwenda kama yalivyokwenda miaka sitini. Lakini Kitenge wa watu angeingia kitabuni, na kitabu hakifi kama watu wanavyokufa.

Mwaka ule wa sitini na nne, Kindu ilikuwa mikononi mwa waasi waliojiita Simba. Wazungu waliobaki mjini walikuwa wanakusanywa, na baba yake Bernadette, Bruno, fundi wa vyuma kwenye karakana ya reli, hakutaka mkubwa wake wa kazi akusanywe. Akamwendea Kitenge, jirani yao, nyumba ya tatu kutoka kwao, aliyevusha watu kwa mtumbwi. Alfajiri moja Kitenge alivuka na mzigo wa majani ya muhogo, na chini ya majani yale alilala yule Alistair, waliyemwita Bwana Alista. Wakamficha kwenye ghala la mpunga nyuma ya jiko.

Bernadette alikuwa na miaka kumi. Kazi ya kumpelekea chakula alipewa yeye, sababu mtoto aliyebeba kapu haulizwi. Bwana Alista alikula ugali kwa vidole vitatu, akapiga chafya siku nzima kwa vumbi la mpunga, na alikuwa na upweke. Kwa hiyo Bernadette akamfundisha kitu pekee alichokuwa nacho cha kumfundisha.

"Kitendawili!"

"Tega," Bwana Alista alinong'ona.

Hakujibu sawasawa hata kimoja. Kila aliposhindwa, Bernadette alimdai mji, kama ilivyo desturi, na yeye alimpa miji ya kwao yenye majina ya kukwaruza koo. Bernadette alijigamba jinsi alivyofika huko, akala, akanywa, akaoga, akarudi, kisha akamfungulia jibu. Siku kumi na moja walikaa hivyo. Humo humo ghalani alitunga kitendawili kipya, cha kwake mwenyewe, ambacho hakuna mtoto wa Alunguli aliyekuwa amekisikia, na hakumtegea hata Bwana Alista, maana jibu lilikuwa yeye. Kikamkaa kifuani na kumwasha kama upupu.

Siku ya kumi na mbili, mchana, mama yake alimtuma kivukoni kungojea samaki. Watoto walikuwa wamekaa pale wanategana vitendawili. Kulikuwa na mlinzi mmoja wa Simba, kijana mwenye majani kichwani na bunduki mapajani, naye alikuwa amechoka kukaa. Akajiunga. Kumbe alikuwa hodari. Alifumbua vyote, na alipotega yeye watoto wakashindwa, akachukua miji, akachukua Kibombo, akachukua Kasongo na Kalima, akawacheka watoto mpaka wengine wakanuna.

"Nani tena? Mumekwisha? Alunguli hakuna vichwa!"

"Mimi," akasema Bernadette. "Kitendawili!"

"Tega, mama mukubwa."

"Kuku wa baba ni mweupe, analala ndani ya mpunga, wala mpunga hali."

Mlinzi alisema mchele. Si huo. Akasema panya. Panya anakula. Akasema mwezi, akasema kikapu, akasema yai, akavua majani kichwani akajikuna. Watoto wakaanza kumzomea, yeye mwenye bunduki, naye akacheka na kuinua mikono.

"Nimeshindwa. Chukua mji."

"Mji gani?"

"Unataka upi?"

"Kindu."

Watoto wakaguna. Hakuna aliyewahi kuomba Kindu yenyewe. Mlinzi akageuka, akautazama mji ng'ambo ya mto, maghala ya bandari, mabehewa yaliyolala kwenye reli, na akanyoosha mkono kama mwenye mali.

"Kindu ni yetu sisi, tumeiteka. Haya, nakupa yote. Chukua Kindu."

Hakuna mtu aliyewahi kumpa Bernadette kitu kikubwa namna ile. Akasimama. Akasema alikwenda Kindu, akapanda treni bila tikiti, akala nyama ya kuchoma sokoni, akavaa viatu, akarudi. Watoto walipiga makofi. Na aliyepewa mji lazima atoe jibu, asipotoa mji unarudi kwa mwenyewe. Akatoa.

"Jibu ni muzungu!"

"Aa, unadanganya. Muzungu na mpunga wapi na wapi? Rudisha mji wangu."

"Sirudishi! Iko kwetu, ndani ya ghala!"

Alipolisikia neno lake mwenyewe lilikuwa limeshatoka. Mlinzi hakucheka tena. Wala hakukasirika, na hilo ndilo Bernadette alilolikumbuka zaidi baadaye. Aliinuka taratibu, akajipangusa suruali, akarudisha majani kichwani, akawaita wenzake wawili waliokuwa wanalala kwenye mtumbwi. "Kwenu njo wapi?" akauliza. Mtoto mmoja akaonyesha.

Bwana Alista alitoka ghalani na makapi ya mpunga kwenye nywele. Alisema kwa Kiswahili chake kibovu, "Bruno hajui. Mimi mwizi, naingia peke yangu." Wakampiga Bruno hata hivyo, kwa kitako cha bunduki, mkono ukavunjika. Kisha wakaondoka na mzungu kuelekea mtoni, na zikasikika risasi mbili. Kaburi hakuna. Lualaba ilimchukua.

Wale watoto wa kivukoni mama zao waliwafungia ndani, wakawaapisha wasiseme walikuwa wapi siku ile, na kabla ya mwaka kwisha vita viliwatawanya. Nyumbani kwa Bruno, mama alimfunga mume wake mkono kwa magome ya mti, naye Bruno, meno yakigongana, akauliza swali moja tu. "Nani amesema?"

"Waliojua ni sisi na Kitenge," akasema mama. "Na Kitenge siku ya tano leo haonekani."

Bernadette alifungua mdomo. Akautazama mkono wa baba yake jinsi ulivyopinda. Akafunga mdomo.

Kitenge alirudi baada ya siku chache, akakuta watu hawaitikii salamu yake. Kuanzia hapo abiria walisimama kwenye jua wakimngojea mpiga kasia mwingine, huku mtumbwi wake uko wazi. Walimwita Mudomo. Watoto wake wakaitwa watoto wa Mudomo. Alijitetea mwaka mmoja, miwili, kisha akanyamaza, na watu wakasema mnaona, amenyamaza.

Haya yote ni ya mtoto, na mtoto anaweza kuhurumiwa. Lakini kuna lile la mwaka themanini na sita.

Mwaka huo mdogo wake, Gérard, alimpenda Mamy, binti wa Kitenge. Wakubwa wa ukoo walikaa, kama ilivyo desturi, kutaja babu na bibi wa pande zote mbili kabla ya kupeleka posa. Watu wa kwa Kitenge ni Waislamu, wao ni Wakatoliki, na hilo wangelimaliza kwa mazungumzo, si nyumba ya kwanza Alunguli kuchanganya dini. Shida ilikuwa moja. Mjomba wao akasema, "Damu ya mutu aliyeuza mutu haitaingia humu." Wote wakamgeukia Bernadette, dada mkubwa, mama wa watoto wanne, aliyekuwepo siku ile. "Wewe unasema nini?"

Akasema, "Ninyi njo wakubwa." Basi. Maneno matatu. Gérard alitoka bila kumtazama. Akaoa kwingine, akakaa na mke wake vizuri tu, akafa kwa homa ya manjano kabla ya kufika miaka hamsini. Mamy akahamia Kalima na hakuolewa.

Sasa kalamu ilikuwa imelowa jasho mkononi mwa Koko.

"Koko, tia sahihi, mgeni anangoja," akasema Nathalie.

"Si Kitenge."

"Nini?"

"Mwambie si Kitenge. Njo mimi nilisema." Na akamweleza mjukuu wake, bila kuinua uso, kitendawili na mlinzi na mji. Alieleza haraka, kama mtu anayevuka maji ya baridi. Alipomaliza, Nathalie hakugeuza hata neno moja.

"Koko, hiyo siitafsiri."

"Umesomea nini basi?"

"Sikusomea kukuvua nguo mbele ya wageni."

"Nguo hizo hazikuwa zangu, mama. Nilizivaa tu. Geuza."

Nathalie akageuza, sauti ikiwa ndogo, macho kwenye karatasi. Madamu Isobel alivua miwani. Akasema kitu kifupi, na neno moja Koko alilielewa bila kugeuziwa.

"Anasema ulikuwa mtoto."

"Mwambie ndiyo, kwa ile siku. Kisha mwambie mwaka themanini na sita sikuwa mutoto. Nilikuwa mama wa watoto wanne, wakaniuliza, nikanyamaza. Hilo nalo aliandike."

Madamu alichukua penseli, akakata jina la Kitenge kwa mstari mmoja. Akaandika pembeni. Halafu akaongea maneno mengi zaidi, akipitisha kidole juu kwa yule gavana wa India. Nathalie akasema, "Anasema kwenye karatasi hii kuna watu wengi walioandikwa vizuri tu. Huyu, kwao wanasema aliituliza nchi. Hakuna aliyewahi kumwambia aliituliza namna gani. Nafikiri anataka kukufariji."

"Mwambie aksanti. Lakini hiyo aibu ni yao, watajua wenyewe pa kuipeleka. Yangu iko nyumba ya tatu kutoka hapa." Akashika mkono wa kiti, akainuka. "Mpe mgeni chakula. Usinifuate."

Miaka sitini hakuwa ameingia kwenye lupango ile ya Kitenge. Alipita mbele yake kwenda sokoni na kanisani, akasalimia kwa kuinua kidevu. Idrissa, mtoto wa kwanza wa Kitenge, sasa mzee wa ndevu nyeupe na fundi wa pikipiki, alikuwa amepindua moja kichwa chini, anafunga mnyororo. Alipomwona aliweka spana chini.

"Mama Bernadette! Leo itanyesha mawe. Karibu. Kuna msiba?"

"Hapana, Baba Idrissa."

"Basi kaa."

"Nitasema nimesimama."

Akasema. Safari hii hakukuwa na mtu wa kugeuza, na maneno yalitoka mazito zaidi. Alipofika kwenye "sirudishi, iko kwetu", Idrissa alianza kufuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja, akaendelea kuifuta hata ilipokuwa safi. Hakumkatiza. Alimwacha afike mpaka kwa Gérard na Mamy, mpaka kwenye "ninyi njo wakubwa".

"Ilikuwa siku gani ya wiki?" akauliza mwishowe.

"Jumatatu."

"Baba alisema aliondoka Jumatano ya nyuma. Alikwenda Tunda kumzika mjomba wake." Idrissa alisema kama anajisomea. "Kila mara alisema Tunda, Tunda. Mashahidi wake walikuwa ndugu zake wa huko, nani angewasikiliza?" Akakunja kile kitambaa. "Mama, hata mimi sikumwamini. Nilipokuwa na miaka ishirini nilimwambia usoni, baba, ungesema kweli tu, tujue tutaibeba namna gani. Alinitazama, akachukua kasia lake akaenda mtoni. Hatukuongea tena habari hiyo mpaka nilipomwosha kwa maziko."

Koko alikuwa amejiandaa kwa matusi. Alikuwa amejiandaa hata kwa kupigwa. Kwa hili hakuwa amejiandaa, na uso wake haukujua pa kwenda.

"Baba Idrissa, naomba..."

"Ngoja. Usiniombe mimi." Akatoa simu mfukoni, akabonyeza, akaweka sauti ya nje. Ikaita sana. Kisha ikasikika kelele ya soko, na sauti ya mwanamke, nzito kidogo, "Ndiyo, kaka?"

"Mamy. Tafuta pa kukaa."

"Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa. Kuna mutu hapa ana neno lako." Akamnyooshea Bernadette simu. "Mwambie mwenyewe. Yote."

Simu ilikuwa na mafuta ya pikipiki. Bernadette aliishika mbali na uso kama kitu cha moto.

"Mamy. Ni mimi, Bernadette. Mukubwa wa Gérard."

Soko tu ndilo lililosikika, mtu akinadi mafuta ya mawese. Bernadette akasema mara ya tatu siku ile, na mara ya tatu ndiyo iliyomchukua muda mrefu kuliko zote, maana kila sentensi aliona kijana wa miaka ishirini na sita akitoka nje bila kumtazama.

Alipomaliza, Mamy aliuliza jambo moja.

"Gérard alijua?"

"Hapana. Nilimficha na yeye."

"Kwa hiyo alikufa akijua baba yangu njo aliuza mutu."

"Ndiyo."

"Siku ulipomzika ulikuwa na nafasi ya kumwambia, hata akiwa ndani ya sanduku. Hukumwambia?"

"Sikumwambia."

Mnadi wa mawese aliita tena, mara mbili, mara tatu.

"Mpe kaka yangu simu," akasema Mamy.

Bernadette akampa. Idrissa alizima ile sauti ya nje, akaweka simu sikioni, akazunguka nyuma ya nyumba akiongea polepole. Mke wake alichungulia mlangoni, akamwona mgeni, akarudi ndani. Hakuna aliyemwambia aondoke, na hakuna aliyemwambia akae. Magoti yalimuuma. Kiti kilikuwa pale, hatua mbili, lakini alikuwa ameshakataa kukikalia, akabaki amesimama juani kando ya pikipiki, akingoja jibu la Mamy, akisikiliza sauti ya Idrissa nyuma ya nyumba bila kushika maneno.